Nani Alizidisha kwa Nane?

Machi 4, 2013. Unakumbuka ulikuwa wapi? Najua unakumbuka. Hapa Kisumu watu walipanga foleni kabla jogoo hajawika, na usiku tukajazana mbele ya runinga kutazama namba zikipanda kule Bomas, kwenye kituo cha kujumlisha kura. Na kati ya namba zile kulikuwa na moja iliyowatoa macho wote, wa mrengo huu na wa mrengo ule: kura zilizoharibika. Zilipanda, zikapanda, zikapita laki tatu.

Laki tatu! Hivi Wakenya walikuwa wamesahau kuweka alama kwenye karatasi?

Siku chache baadaye tume ya uchaguzi, IEBC, ikatoka na maelezo. Programu ilikuwa na hitilafu. Kila kura moja iliyoharibika, kompyuta ilikuwa ikiizidisha kwa nane.

Kwa nane.

Maelezo yakaishia hapo. Hesabu ya mwisho ikatangaza kura zilizoharibika kuwa 108,975, tukaambiwa tusonge mbele, nasi tukasonga kama kondoo wa Kibuye siku ya soko.

Zaidi ya miaka kumi imepita na mimi bado nauliza. Nani aliandika programu ile? Nani aliijaribu, na aliijaribu lini, na kwa namba zipi? Kwa nini nane, si mbili, si kumi? Ni mstari gani wa programu uliokosea? Wewe msomaji, umewahi kushika mkononi ripoti inayokujibu maswali hayo? Umewahi hata kuyauliza?

Usiniambie ni jambo dogo. Mshindi wa uchaguzi ule alitangazwa kwa asilimia 50.07 ya kura zote zilizopigwa, zikiwemo zilizoharibika. Alivuka nusu kwa kura elfu nane na kitu, katika nchi nzima! Lau zile laki tatu zingekuwa za kweli, nusu isingevukwa na tungerudi vituoni. Ndiyo maana namba ile ilipopanda, mioyo ilipanda. Ndiyo maana iliposhuka ghafla, kuna watu ambao imani yao ilishuka nayo na haijapanda tena hadi leo. Namba moja iliyozidishwa vibaya ilimpa kila mwenye shaka sababu ya shaka yake. Mahakama ya Juu ikaja kuamua Machi 30 kwamba uchaguzi ulikuwa halali. Hukumu ni hukumu. Lakini hukumu haikutuambia nani alizidisha kwa nane.

Ngoja nikuonyeshe wenzetu wanavyofanya.

Juni 4, 1996, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti nne. Haikumaliza hata dakika moja. Ililipuka angani mchana kweupe, na mamia ya mamilioni ya dola yakawa moshi. Unajua walifanya nini? Waliunda kamati chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, na Julai 19 ripoti ikatoka. Siku 45! Nayo haikuwa ripoti ya kusema tu kwamba kulikuwa na hitilafu. Ilieleza kwamba kipande cha programu kilinakiliwa kutoka Ariane 4, roketi ya zamani iliyokwenda polepole zaidi. Ilieleza kwamba namba ya mwendo wa roketi mpya ilikuwa kubwa kupita nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Kompyuta ikashindwa kuimeza, ikazima. Kompyuta ya akiba nayo ilikuwa imeshazima, kwa sababu ilibeba programu ile ile na kosa lile lile. Na la kuumiza zaidi: kipande kile hakikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Kiliachwa tu kiendelee.

Leo mwanafunzi wa kompyuta pale Maseno anaweza kukueleza kosa la Ariane 5 tangu mwanzo hadi mwisho. Mwulize sasa kosa la 2013, lililotokea nchini mwake, lililogusa kura ya mama yake. Hana cha kukueleza. Tutamlaumu vipi? Tunamfundisha kwa makovu ya Wafaransa wakati yetu tumeyafunika blanketi. Mficha uchi hazai. Nchi inayoficha makosa ya kompyuta zake haitazaa waandishi wa programu wanaojifunza, itazaa wanaorudia.

Na wanarudia! Fungua macho uone.

Oktoba 1, 2024, serikali ilizima bima ya afya ya NHIF na kuwasha mpya, SHA, nchi nzima kwa mpigo. Siku za mwanzo wagonjwa walihangaika, wakiwemo wa saratani na wa kusafishwa damu, watu ambao mwili wao haujui kungoja. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja ya mjini hapa, nimempeleka jamaa. Mbele yangu alisimama mama na mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi, karatasi ya rufaa imekunjwa ndani yake. Binti wa dirishani hakuinua hata macho. “Sistimu iko chini, mama. Keti hapo, ngojea.” Mama akaketi. Hakuuliza iko chini tangu lini. Hakuuliza itaamka saa ngapi. Hakuuliza kama kuna daftari la kuandikia kwa mkono. Aliketi, na sisi sote nyuma yake tukaketi, kama watu walioambiwa mvua inanyesha.

Hapo ndipo nilipokasirika, na sijapoa.

Sistimu iko chini. Ni nani aliyetufundisha kupokea maneno haya kama salamu? Ukienda kulipia ardhi, sistimu iko chini. Ukienda benki, sistimu iko chini. Ukituma karo ya mtoto, sistimu iko chini. Na wewe unaitikia nini? “Sawa.” Unaenda nyumbani. Unarudi kesho, nauli nyingine ya matatu mfukoni mwako imekwisha, siku nyingine ya kibarua imepotea. Umewahi kuhesabu sistimu iliyo chini inakula shilingi ngapi zako kwa mwaka?

Sistimu haishuki yenyewe. Kuna mtu aliiandika. Kuna mtu aliipokea bila kuijaribu. Kuna mtu alitia sahihi kwamba iko tayari. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilisema mfumo wa kompyuta wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Bilioni mia moja na nne! Unalipia nyumba, unaambiwa funguo si zako, na paa likivuja unaambiwa keti hapo, ngojea.

Pale Dunga, mashua ikivuja ndani ya ziwa, kila mvuvi anajua ni fundi gani aliyeiunda. Wanamfuata ufuoni mchana. Anaonyeshwa ubao. Anaulizwa msumari huu uliupigaje, na mafundi wengine wamesimama wanasikiliza, kwa sababu nao wana mashua za kuunda kesho. Hakuna anayesema “mashua iko chini.” Watu wangezama kila wiki.

Kwa nini fundi wa mbao anaulizwa, na fundi wa programu haulizwi?

Sasa nigeukie nyinyi vijana mnaoandika programu, maana najua mnasoma. Mko wengi mjini hapa. Mnaandikia vyama vya akiba, shule, zahanati, maduka ya jumla. Mnasema kosa ni kosa tu, litarekebishwa wiki ijayo. Kwenu ni mstari mmoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mnajua habari ya Therac-25? Ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyoundwa Kanada. Kati ya 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa sita wa Marekani na Kanada kwa mionzi iliyopita kiasi kupindukia. Wasiopungua watatu walikufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na kizuizi cha chuma na umeme kisichotegemea kompyuta. Katika hii mpya waliking'oa. Walisema programu itatosha.

Sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye somo. Mashine ile ilizoea kuonyesha hitilafu. Kila siku hitilafu, tena kwa namba tupu zisizoeleza kitu. Wahudumu wakazoea. Wakawa wanabonyeza kitufe cha kuendelea, kama wewe unavyosema “sawa” dirishani. Katika hospitali moja ya mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, iliandika hitilafu namba 54. Mhudumu akabonyeza endelea. Mgonjwa alikuwa ndani ya chumba, peke yake, akiungua.

Watengenezaji walishikilia kwamba mashine yao haiwezi kufanya hivyo. Ni mwanafizikia wa hospitali hiyo, Fritz Hager, aliyekataa kulala. Aliketi na yule mhudumu mbele ya mashine wakarudia kila kitu, herufi kwa herufi, mara nyingi, mpaka wakaiona: mhudumu mzoefu akisahihisha maagizo kwa kasi, ndani ya sekunde chache, skrini ilionyesha sahihisho lakini mashine ilibaki na maagizo ya zamani. Mzoefu wa kuandika haraka ndiye aliyeua bila kujua. Walioijaribu mashine kiwandani hawakuandika kwa kasi hiyo, kwa hiyo hawakuiona.

Jiulize, kijana: programu yako umeijaribu kwa vidole vya nani? Vyako, ofisini, kwenye kiti chenye feni, intaneti ikienda mbio? Au umeijaribu kwa vidole vya karani wa Ahero mwenye foleni ya watu mia, umeme ukikatika na kurudi? Mwaka ule wa 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika betri katika vituo vingi, vingine madarasa ya shule yasiyo na hata soketi moja ukutani. Nani alikuwa hajui kwamba shule nyingi za mashambani hazikuwa na umeme? Kulikuwa na Mkenya gani asiyejua hilo?

Na kuna ugonjwa mbaya kuliko huo: kuamini kompyuta kuliko mtu.

Uingereza, nchi tunayoisifia utaratibu, ilikuwa na programu ya hesabu za posta iliyoitwa Horizon, ya kampuni ya Fujitsu. Kuanzia 1999 programu ile ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wenye vibanda vya posta wakalia: fedha hizi hatujachukua! Wakaambiwa kompyuta haikosei. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, kwa wizi na kwa hesabu za uongo. Wengine walifungwa. Mmoja, Seema Misra, alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito. Wengine walijiua. Wengi waliuza nyumba zao kulipa deni ambalo halikuwahi kuwepo. Ilichukua miaka ishirini na zaidi, na ukaidi wa mwenye kibanda mmoja, Alan Bates, na wenzake, ndipo taifa likakubali kwamba kompyuta ilidanganya.

Unadhani hayo ni ya Uingereza tu? Mtafute kijana au binti anayekaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa, Kondele au Manyatta. Jioni hesabu ya simu na hesabu ya droo hazilingani. Tajiri anaamini nani? Anaamini simu. Upungufu unatoka kwenye mshahara. Huenda kijana aliiba kweli. Huenda muamala ulikwama njiani ukahesabiwa mara mbili. Nani ana uwezo wa kujua? Kijana hana. Hakupewa njia ya kuona ndani. Ameshatiwa hatiani na skrini.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa wanafunzi wetu. Tangu 2023 kompyuta ndiyo iliyopima ni nani maskini na nani tajiri, ili chuo kikuu kimlipishe kila mmoja kiasi chake. Wazazi wa vibarua wakakuta watoto wao wamewekwa kundi la wenye uwezo. Unabishana vipi na kompyuta iliyokwambia una pesa? Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba utaratibu ule unakiuka Katiba. Ilibidi twende kortini kubishana na hesabu!

Sitaki useme mimi ni adui wa kompyuta. Kuna kosa moja ambalo wakubwa walilishughulikia mapema, na nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba inawezekana.

Mita yako ya tokeni. Unaponunua tokeni kwa simu unaletewa tarakimu 20, unazibonyeza, taa zinawaka. Ndani ya tarakimu zile mmefichwa saa: idadi ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993. Ndiyo inayozuia mtu kutumia tokeni moja mara mbili. Walioasisi utaratibu huo Afrika Kusini waliitengea hesabu hiyo biti 24 tu. Biti 24 hubeba dakika 16,777,216. Piga hesabu: inaishia Novemba 24, 2024. Baada ya siku hiyo, mita isiyosasishwa ingekataa kila tokeni mpya, katika nchi nyingi za dunia, mamilioni kwa mamilioni ya mita.

Mwaka 1993 walisema nini? Bila shaka walisema 2024 ni mbali.

2024 ikafika. Kenya Power ikatangaza, ikahimiza, ikatuma tarakimu za ziada: seti mbili za kusasisha mita na ya tatu ya umeme wenyewe. Tarakimu 60! Kumbuka bibi kizee wa Nyalenda, miwani hana, simu ya mjukuu mkononi, kibonyezeo cha mita kimefutika namba, na akikosea moja anaanza upya. Kumbuka mpangaji ambaye mita imefungiwa kwenye kisanduku na mwenye nyumba yuko Nairobi. Kosa la mezani, la miaka thelathini iliyopita, lililipwa na vidole vya bibi yule. Lakini angalau lilitangazwa. Tarehe ilijulikana. Sababu ilijulikana. Nchi haikuingia gizani. Kwa hiyo tunajua kusema kosa hadharani tukitaka!

Na nyinyi mnaoandika leo mnajua Januari 19, 2038 inakuja. Siku hiyo kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 katika biti 32 zitajaa na kurudi nyuma. Kuna mitambo mingapi ya maji, ya hospitali, ya vyama vya akiba itakayokuwa ikihesabu hivyo bado? Mmeangalia? Au 2038 nayo ni mbali?

Nirudi kwenye uchaguzi, maana bila sava za tume, zile kompyuta kuu zinazohifadhi matokeo, hadithi hii haijakamilika. Mwaka 2017 tulikuwa na mtu mmoja aliyekubali kusimama mbele ya nchi na kueleza mitambo ya uchaguzi ingefanyaje kazi: Chris Msando, mtoto wa Siaya, msimamizi wa teknolojia pale IEBC. Aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8. Aliyekuwa tayari kueleza, akanyamazishwa. Kisha Mahakama ya Juu ikaamuru sava zifunguliwe zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo. Septemba 1 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake wakafuta uchaguzi wa rais, na kukataa kufungua sava kukawa moja ya sababu. Kati ya tarehe hizo mbili, kule Nyalenda, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa rungu na polisi nyumbani kwao, akafa. Hilo lilikuwa la rungu na la aliyelishika. Lakini ni nani mtaani alikuwa ametulia usiku ule? Nani aliamini namba kwenye skrini? Asingeamini, maana tangu 2013 hakuna aliyetoka kumweleza skrini ilikosea wapi.

Tunarudi vituoni Agosti 10, 2027. Programu itaandikwa, au imeshaandikwa. Na wewe umelala.

Amka, omera! Maneno ya hasira barazani na chai ya mandazi hayatoshi. Sheria ya kupata habari ya 2016 ipo, inakuruhusu kuandika barua kwa ofisi yoyote ya umma kudai taarifa. Andika. Dai ripoti ya 2013, na udai ripoti za majaribio ya programu itakayotumika 2027, kabla ya Agosti, si baada. Diwani wako akija kuomba kura, mwulize kaunti ilinunua programu gani, ya nani, kwa bei gani, na ikizimika kuna daftari?

Nanyi vijana wa programu, anzeni kwenu. Ikiwa kazi yako iliangusha chama cha akiba kwa siku mbili, andika ukurasa mmoja: ilianguka saa ngapi, kwa nini, nani aliumia, umebadilisha nini. Usiutie kabatini. Ubandike ukutani pale pale ofisini kwa wenye pesa zao, kwa lugha wanayosoma, na chini yake uweke jina lako na namba yako ya simu.

Na ukifika dirishani ukaambiwa sistimu iko chini, usiketi. Uliza: tangu saa ngapi? Ni nani ameitwa kuirekebisha? Msimamizi ni nani? Mnaandikisha kwa mkono wapi? Uliza kwa sauti, wa nyuma yako wasikie, na usiondoke dirishani mpaka majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi na kupigwa muhuri.